Macho na Kura ya Shangazi

Hakuwa na baiskeli. Hakuwa na kitanda cha peke yake wala viatu vya mvua. Hakuwa na mbio za kumpeleka kwenye mashindano, wala sauti ya kumweka mstari wa mbele katika kwaya ya shule, na hesabu zilimpiga chenga kila muhula. Hata jina lake la daftarini watu walikuwa wamelisahau. Mtaa mzima ulimwita Macho.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ambaye hakuona tangu utotoni. Kila asubuhi shangazi aliweka mkono begani kwa Macho, wakashuka kichochoro mpaka kwenye kibanda chake cha kufuma sweta. Macho alitangaza njia nzima kama kondakta: "Dimbwi kushoto! Ngazi moja! Mama wa mkaa huyo, anakupungia mkono!" Watu waliwapisha, naye Macho alitembea kifua mbele. Hapo ndipo alipojiona mtu.

Jumanne moja baada ya masomo alimkuta mwalimu wa nukta nundu kibandani. Mwalimu huyo aliwafundisha wasioona kusoma kwa vidole. Alikuwa ameleta kadibodi yenye vidirisha.

"Dada, uchaguzi huu huhitaji mtu wa kukupigia kura," alisema. "Hiki kinaitwa kiolezo. Karatasi ya kura inaingia humu ndani. Kila mgombea ana kidirisha chake, na pembeni kuna nukta za namba yake. Unapapasa, unatia alama, kwisha! Siri yako."

Shangazi alivipapasa vidirisha, akacheka cheko ambalo Macho hakuwahi kulisikia. "Miaka yote hii sijawahi kushika kalamu ya kura mwenyewe! Sijawahi!"

"Ila iandikie barua ofisi ya uchaguzi, uombe kipelekwe kituoni kwako. Itumwe kabla posta haijafungwa Ijumaa. Hiki nakuachia, pamoja na karatasi za mfano, ujifunzie."

Kadibodi ilikaa mapajani pa shangazi. Macho aliitazama kama mtoto anavyomtazama mdogo wake aliyezaliwa jana na kupakatwa mahali pake. Shangazi aliipapasa polepole, akasahau hata kuuliza habari za shule.

"Vikipatikana vitu kama hivi vingi, mwanangu," alisema njiani, "nitakupumzisha."

Alisema kwa upendo. Macho alisikia: nitakuacha. Wivu ukamwingia.

Jioni shangazi alianza mazoezi mezani. Alitia alama, akaichomoa karatasi ya mfano na kumpa Macho. "Imekaa?"

Alama ilikuwa katikati ya kisanduku, safi kabisa. Lakini wino hauna mwinuko, kidole hakiwezi kuusoma. Angejuaje?

"Imetoka nje, shangazi. Karatasi imeteleza humo ndani."

"Lete nyingine. Hii je?"

"Imegusa kisanduku cha jirani."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kila shangazi alipopatia, Macho alisema amekosea. Mwishowe shangazi aliiweka kalamu chini.

"Basi. Ya nini kuharibu kura? Baba yako ataingia nami kama kawaida."

"Nitaingia nawe mimi!" Macho akadakia.

"Msaidizi lazima awe mtu mzima, mwanangu. Watoto hawaruhusiwi."

Macho alikuwa ameisukuma kadibodi pembeni, na nafasi imekaliwa na baba! Usiku ule alimwonea wivu baba yake mzazi, hata salamu akamjibu kwa mkato.

Ijumaa alasiri alimpelekea baba chakula. Baba alikuwa kinyozi. Kitini alikaa dereva wa lori, mashavu yamejaa povu.

"Kinyozi, nyumbani kwako mna kura ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya dada. Na zote ni zangu!"

"Eh! Kivipi?"

"Uchaguzi uliopita alininong'oneza nimpigie yule mkunga. Mimi mkunga simtaki. Nikatia alama kwa mtu wangu, nikamwambia, tayari dada, twende. Angejuaje?"

Dereva alicheka mpaka povu likaruka. "We mtu hatari! Usije ukaninyoa na sikio, halafu uniambie tayari!"

"Sikio lenyewe kama ungo, nitalikosaje?"

Macho alisimama mlangoni na bakuli mkononi. Angejuaje? Ndivyo alivyojisemea yeye mwenyewe pale mezani. Alikuwa amemchukia baba kwa kumpokonya nafasi, kumbe wote wawili walikuwa wakimpokonya shangazi. Akaliweka bakuli juu ya benchi, akatimua mbio.

Kibandani, mashine ya kufuma ilikuwa ikilia.

"Shangazi, zote zilikuwa ndani."

"Nini zilikuwa ndani?"

"Alama zako. Hujakosea hata mara moja. Nilikudanganya."

Mashine ikanyamaza. Shangazi hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Macho kuliko kofi.

"Kwa nini?"

"Niliionea wivu kadibodi. Niliona hutanihitaji tena."

"Kwa hiyo unanipenda nikishindwa tu?"

Macho aliangua kilio. Kati ya kwikwi akaeleza pia aliyoyasikia kazini kwa baba. Wakati huo baba aliingia akihema, taulo la kunyolea begani. Alikuwa amemwona mtoto akikimbia.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Kura yangu," alijibu shangazi. "Mliizika wewe na mwanao. Uchaguzi uliopita nilisikia kalamu ikikwaruza sehemu ya juu ya karatasi, na jina la mkunga lilikuwa chini kabisa. Nikajiambia, labda nimesikia vibaya. Ndugu yangu hawezi."

Baba alilikunja taulo, akalikunjua. "Dada, niliona ni jambo dogo. Nilifikiri mimi najua zaidi."

"Mkunga aliwapokea watoto wa mtaa mzima, nami nikawafumia sweta. Namjua kuliko wewe. Hata kama nisingemjua, kura ni yangu, nikosee mwenyewe."

"Nisamehe, dada. Nilikuibia." Akatazama saa ya ukutani. "Posta haijafungwa. Lete karatasi, niandike hiyo barua."

"Hapana. Ataandika yeye."

Macho akainua uso. "Mimi? Baada ya niliyofanya?"

"Wewe. Sikiliza, mwanangu. Macho yako nayaazima, na nitaendelea kuyaazima, maana madimbwi hayajaisha. Lakini uamuzi wangu sikuazimi. Kumsaidia mtu ni kumfanyia anachotaka yeye. Ukimfanyia unachotaka wewe, hapo humsaidii, unamtawala. Sasa andika ninachosema, usiongeze, usipunguze."

Macho aliandika: *Mimi ni mpiga kura nisiyeona. Naomba kiolezo cha nukta nundu kipelekwe katika kituo changu kituo changu, mimi na wenzangu tupige kura wenyewe, kwa siri, kama raia wengine.* Aliisoma kwa sauti, akasema, "Shangazi, nimeandika 'kituo changu' mara mbili. Nifute moja?"

Shangazi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Futa."

Baba alishikilia rula, shangazi akatia saini yake juu ya ukingo wa rula, herufi kubwa zilizopinda kidogo. Macho akaikunja barua na kuitia kwenye bahasha. Shangazi alilamba gundi, akaufunga mdomo wa bahasha, akapitisha kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, mara moja, kisha tena.

Pale posta, karani alikuwa ameanza kushusha pazia la chuma. "Bado moja!" baba akapiga kelele, akalishikilia pazia kwa mikono miwili. Macho alimfikisha shangazi mbele ya sanduku, akamwonyesha mdomo wa sanduku ulipo, kisha akarudisha mkono wake nyuma. Shangazi aliisukuma bahasha ndani mwenyewe, akatega sikio mpaka ikaanguka.