Ndama wa Bibi Harusi

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Mchapakazi alichukua mundu na kamba akaenda kumkatia ng'ombe majani. Jina hilo alibandikwa na baba yake kwa utani, maana alikuwa mvivu wa kutembea. Ng'ombe naye aliitwa Bibi Harusi kwa mwendo wake wa kujivuta. Alikuwa na mimba, na baba alikwisha kusema kwamba ndama atakuwa wa Mchapakazi mwenyewe. Msichana huyo hakuota kitu kingine.

Kiangazi kilikuwa kirefu. Majani mabichi yalibaki bondeni tu, na mlima wa kurudi ulikata pumzi. Juu ya paa la zizi kulikuwa na nyasi kavu za zamani, zilizopigwa jua hadi zikawa nyeupe. Mchapakazi akawa anashinda kwa rafiki yake wakicheza kete, kisha anarudi na kumimina nyasi hizo horini.

"Umefika bondeni?" mama aliuliza.

"Nimefika, mama."

Ng'ombe alishiba, kwa hiyo Mchapakazi hakuona kosa. Lakini miezi ilivyopita, giza likianza kuingia, Bibi Harusi alijigonga kwenye nguzo za zizi. Mchapakazi ndiye aliyemfunga jioni, na ni yeye tu aliyeona. Angesema, angeulizwa anamlisha nini. Akanyamaza.

Ndama alizaliwa asubuhi, jike, mweusi tii. Alisimama akitetemeka, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akaanguka. Akainuka, akaugonga ukuta ule ule. Mchapakazi alipunga mkono mbele ya macho yake makubwa mazuri. Hayakupepesa.

Daktari wa mifugo aliwapima wote wawili. "Huyu mama yake mnamlisha nini?"

"Majani mabichi, daktari," mama alijibu kwa fahari. "Binti yangu huyu hufika mpaka bondeni, jua hili hili!"

Daktari alichota nyasi nyeupe horini, akazitazama. Mchapakazi alitamani ardhi immeze.

"Mama, nimekudanganya," alisema, na machozi yakamtoka. Akaeleza yote, hata habari ya nguzo.

"Ng'ombe hupata vitamini A kwenye majani mabichi," daktari alisema taratibu. "Nyasi zikikaa juani muda mrefu, vitamini hiyo huisha. Akiikosa, haoni gizani, na ndama huharibika macho tumboni. Maziwa yake nayo huwa na vitamini hiyo kidogo, kwa hiyo watoto wapeni pia maboga na mboga za majani. Ng'ombe nitamchoma sindano. Akila majani mabichi, ataona tena jioni."

"Na ndama?" Mchapakazi aliuliza.

Daktari alifunga mkoba wake kwanza. "Huyo hataona, mwanangu."

Alipoondoka, mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Uvivu ningekugombeza, yakaisha," alisema. "Lakini ulimwona anajigonga, ukafunga mdomo. Ungesema siku ile, huenda dawa ingemkuta ndama bado tumboni. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa." Akajifuta uso kwa khanga. "Sasa shika kichwa cha ndama, umpeleke kwenye chuchu. Hajui ziliko."