Pindo la Zambarau

Jumamosi ile ya Oktoba uwanja wa soko wa mji wa Jena ulikuwa umejaa pomoni. Moshi wa soseji ulitanda juu ya meza za vitu vikuukuu, na Ilka Brehme, koti lake la rangi ya haradali limefungwa mpaka kooni, alikuwa akipenya kwa mabega aliposikia mwanamume akibembeleza mteja.

"Chukua tu, mzee. Taja bei yako."

"Aa, hapana bwana. Inaonyesha marangirangi. Mbovu hiyo."

Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, sweta lake la kijivu limechakaa viwikoni, macho ya mtu aliyekosa usingizi. Mbele yake palikuwa na darubini ya shaba. Ilka hakuweza kuipita; kupima glasi ndiyo kazi iliyomlisha miaka kumi na mmoja. Aliinama, akaielekeza kwenye mnara wa kanisa. Kila jiwe lilionekana wazi, ila mnara mzima ulizungukwa na pindo jembamba la zambarau.

"Aliyesugua lenzi hizi alikuwa fundi hasa," alisema.

"Unanitania, dada."

"Sikujui, nitakutaniaje? Nuru ya bluu hupinda zaidi ya nyekundu ikipita kwenye glasi. Ndiyo maana huwekwa lenzi mbili, ya pili izikusanye rangi zilizotawanywa na ya kwanza. Hapa ya pili imeshindwa. Lakini mkono wa fundi haukutetereka."

Mwanamume alimtazama kitambo, kisha akaifunika darubini kwa kitambaa, polepole, kama anayemfunika mgonjwa.

"Siuzi tena."

"Basi ninunulie soseji. Nimekuokoa usitupe mali."

Mwanamume alicheka, na kicheko hicho kikamshtua mwenyewe. Jina lake lilikuwa Falk Oertel, mkata glasi katika karakana ndogo ng'ambo ya mto. Kabla majani hayajaisha mitini, simu ya Ilka ilikuwa ikilia kila adhuhuri.

"Halo, Mpima Nuru."

"Halo, Mkata Glasi. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe hujaja, kipenzi?"

Nyumbani kwa Falk, koti la kijani la kike lilining'inia nyuma ya mlango, na kiti kimoja mezani hakikukaliwa kamwe. Wakati mwingine, katikati ya mzaha, Falk aligeukia ghafla ukumbini, kana kwamba amesikia ufunguo mlangoni. Siku moja alimwita Ilka "Dörte". Hakuna aliyesahihisha. Supu ikapoa.

Jumapili moja alisema yote. Dörte alikuwa mke wake. Mwaka mzima alijifungia akimtengenezea Falk darubini ile ya sokoni, zawadi ya kutimiza miaka arobaini.

"Nikatazama, nikaona zambarau. Nikacheka, Ilka. Nikamwambia amepoteza mwaka na glasi nzuri. Akatoka na baiskeli, analia. Hakuiona tramu ikija kwenye reli za barabarani."

Ilka aliushika mkono wake.

"Nipimie zile lenzi. Nataka kujua alikosea wapi. Miaka minne ananiuliza."

"Nani anakuuliza?"

Falk alikuwa ameshaanza kuzifungua lenzi, akazipanga mezani pamoja na daftari la hesabu la Dörte. Ilka alijua angepaswa kukataa, lakini alizichukua.

Lenzi ya kwanza haikuwa na kasoro. Ya pili aliipima uzito hewani, kisha majini, akarudia mara tatu. Ilikuwa nyepesi mno. Alipitisha nuru nyekundu, kisha bluu. Zilipishana kidogo sana, si kama zinavyopishana katika glasi nzito iliyochanganywa madini ya risasi ambayo Dörte aliipigia hesabu. Hesabu zake zilikuwa sahihi zote. Glasi aliyopewa ndiyo haikuwa ile. Na karatasi iliyokuwa imefungia kipande hicho cha glasi, iliyobanwa ndani ya daftari, yenye jina la glasi nzito, iliandikwa kwa mwandiko ambao Ilka aliujua, kwa kuwa mwandiko huohuo ulikuwa umemwandikia barua za mapenzi. Falk ndiye aliyemkatia mkewe glasi ile.

Siku tatu Ilka alijibu simu za Falk kwa mkato.

"Umechoka na mgane?"

"Sijachoka."

"Basi yupo mwingine."

"Hayupo mtu, Falk."

"Yupo. Nakusikia unavyopumua."

Siku ya nne alimfuata karakanani, akampa karatasi. "Dörte hakukosea. Glasi siyo iliyoandikwa hapa."

Falk alisoma. "Huu mwandiko wangu."

"Ndiyo, mpenzi."

"Nilimcheka kwa kosa langu." Alivua aproni, akaiweka mezani, akatoka nje bila koti.

Siku kumi na tisa hakupatikana. Ilka aliendelea kupima, na kila alipozima taa ili auone mstari mwekundu wa nuru, alihisi mtu amesimama begani kwake, akingoja. Mara moja alisema kwa sauti, "Dörte, nisamehe," wenzake wakageuka.

Kisha simu ikalia adhuhuri.

"Nipo Saalfeld," sauti ya Falk ilikuwa imekauka. "Kwa mama yake Dörte. Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Alinifungia mlango. Nikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Leo amefungua, akanipa viazi na jibini. Akakaa nami mpaka nikamaliza. Ilka, bado unanitaka?"

"Nakutaka, mjinga wewe. Lakini siishi katika nyumba ya Dörte. Tutafute yetu."

"Na tufunge ndoa?"

"Unaniposa kwa simu?"

"Nikikuona nitalia."

"Lia. Njoo tu."

Machi walikwenda kutazama nyumba, ghorofa ya tatu, mchana wa jua kali. Ilka, katika gauni la bluu, alitangulia kuingia, akafungua madirisha. Alipogeuka, Falk alikuwa bado ameushikilia mlango, amejibana ukutani, kama mtu anayempisha mwingine apite.

Ilka alijua ni nani anayepishwa. Alisimama katikati ya chumba kitupu, akangoja mpaka Falk alipoufunga mlango mwenyewe.