Saa Iligombewa, Mwaka Ukasahauliwa

Kila asubuhi Kahambu alifagia mbele ya studio yake, akanyunyiza maji ili vumbi la boda boda litulie, kisha akawasha kompyuta. Studio hiyo iko Bwera, nchini Uganda, kwenye barabara inayokwenda mpaka wa Kongo. Watu huja kupigwa picha za harusi, za ubatizo na za kitambulisho. Wengine wanatoka Kongo na mizigo yao, nao wanataka picha papo hapo. Kahambu mwenyewe alizaliwa Butembo, upande wa Kongo. Aliolewa na Ezironi, mkulima wa kahawa kutoka Maliba, na wana binti mmoja, Chérie, anayesoma shule ya msingi.

Kompyuta ilikuwa ya zamani. Ilitoka Butembo, na maneno yake yote yalikuwa ya Kifaransa. Ilikuwa na ugonjwa mmoja ambao wote waliuzoea: kila ikiwashwa asubuhi, saa yake ilikuwa imepotea. Hapo ndipo vita vilipoanzia.

Kahambu aliweka saa ya Kongo. Ezironi akipita, aliibadilisha akaweka saa ya Uganda. Kongo ya upande ule iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na saa hiyo moja ilitosha kuwanyima amani.

"Mama Chérie, wateja wako wanakaa Uganda," Ezironi alisema. "Unaambia mutu kuja saa nne, anakuja, wewe unasema bado."

"Na mimi niko mutu wa wapi?" Kahambu alijibu. "Wacha saa yangu."

Ezironi alijua kwa nini mke wake aling'ang'ania saa ile. Mama yake Kahambu alikuwa akipiga simu kutoka Butembo kila jioni, saa moja ya kule. Kahambu alikuwa akiitazama kompyuta na kungoja. Sasa mama alikuwa amefariki, lakini Kahambu hakuacha kutazama. Ezironi alijua haya yote, na bado aliibadilisha. Wanaume wengine ni wagumu hivyo.

Ijumaa moja mchana, mawingu mazito yalishuka kutoka milimani. Kahambu hakuwa na raha tangu asubuhi. Jumapili ingekuwa misa ya kumbukumbu ya mama yake, na ndugu walikuwa njiani kutoka Butembo. Wote walitaka picha kubwa ya mama iwekwe mbele ya altare.

Picha nzuri ilikuwa moja tu. Kahambu aliipiga mwenyewe, mama alipokuja mara ya mwisho. Alimkalisha mbele ya kitambaa cha buluu akamwambia, "Mama, usicheke, fanya kama ya pasipoti." Mama akacheka mpaka macho yakafumba. Baadaye kadi ya kamera ilifutwa ili ziingie harusi za watu. Picha ya mama ilibaki ndani ya kompyuta peke yake. Kahambu alikuwa akiahirisha kuichapisha, kwa sababu kila alipoitazama alilia.

Siku hiyo hakuwa ameiwasha kompyuta asubuhi; sasa alijikaza akaiwasha. Badala ya picha, akaona maneno kwa Kifaransa: Sasisho limeshindwa. Tunarudisha hali ya mwanzo. Usizime kompyuta.

Sasisho, ambalo watu wengi huliita apdeti, ni marekebisho. Watengenezaji wa mfumo wa kompyuta huyatuma kwa njia ya intaneti ili kuondoa makosa na kuziba mianya ya wezi. Kompyuta ya Kahambu ilikuwa ikishindwa kusasisha kwa miezi mingi. Yeye aliona maneno yale, akaguna, akaendelea na kazi. Lakini leo kiduara kilizunguka kwenye skrini na hakikukoma. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa tena.

Ngurumo ya kwanza ikapiga. Ezironi akaingia mbio.

"Radi! Toa waya!"

"Hapana! Usiguse! Imeandika tusizime!"

"Nani ameandika?"

"Yenyewe!"

"Kifaransa hiyo mimi sijui. Televisheni ya jirani iliungua kwa sababu ya radi. Unataka na hii?"

Akavuta waya. Skrini ikawa nyeusi.

Mvua ilipokatika waliiwasha tena. Kiduara kilizunguka, maneno yale yale yakaja, kompyuta ikajizima na kujiwasha, kiduara kikaanza upya. Ezironi alikuna kichwa. Kahambu alimgeuzia mgongo, na mgongo huo ulimchoma Ezironi kuliko matusi.

Alitoka akamleta Davis, kijana anayetengeneza simu upande wa pili wa barabara. Davis aliitazama kompyuta kidogo tu.

"Hii nafuta yote, naweka mfumo mupya," alisema. "Itakuwa kama imetoka dukani."

"Na picha?" Kahambu aliuliza.

"Picha zote zinaenda, Mama Chérie. Lakini mashini inapona."

"Basi toka! Toka kwa studio yangu!" Kahambu alisema, akasimama mbele ya meza na kuikinga kompyuta kwa mikono yote miwili.

Davis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dawa moja tu, akampa kila mgonjwa dawa hiyo hiyo. Ezironi akamsindikiza nje. Aliporudi, alisema kwa sauti ya chini, "Nimekosa, Mama Chérie. Kesho Sylivia anakuja nyumbani. Tumungoje."

Sylivia alikuwa jirani yao. Anatunza kompyuta za ofisi moja mjini Kasese, na Jumamosi hurudi Bwera. Asubuhi hiyo hakupata hata nafasi ya kutua mfuko wake. Kahambu alimkuta njiani akamshika mkono.

"Sylivia, dada yangu, mama yangu iko ndani ya ile mashini!"

"Pole, Mama Chérie. Twende tuone."

Sylivia hakuanza kwa kutengeneza. "Kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa nini," alisema, "tuokoe vile viko ndani." Aliiwasha kompyuta kwa njia inayoitwa hali salama. Katika hali hiyo mfumo huamka na vitu vichache tu. Kiduara kilizunguka. Kahambu aliuma kidole. Kisha skrini ikafunguka, hafifu, na alama zake zote zimekuwa kubwa kubwa, lakini ikafunguka.

Sylivia alichomeka diski ya nje akaanza kunakili picha zote. Moja baada ya nyingine zilipita. Maharusi, watoto wachanga, watu wenye nyuso za kitambulisho. Halafu kitambaa cha buluu, na mama akicheka.

"Huyu! Ni huyu!" Kahambu alilia akacheka kwa pamoja.

"Nakala hii itakaa hapa," Sylivia alisema. "Nyingine tunatumia ndugu zako kwa simu. Kitu unakipenda kisikae mahali pamoja tu. Mashini zote zinakufa siku moja, hata mupya."

Kahambu alitaka kuishia hapo. Roho yake ilikuwa imetulia kidogo. Lakini Sylivia alikuwa akitazama pembe ya skrini, mahali pa saa.

"Saa yenu haiko sawa."

"Ni huyu!" walisema Kahambu na Ezironi kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Wakaanza upya, huyu Kongo, yule Uganda, mpaka Sylivia akainua mkono.

"Wacheni kwanza. Nyinyi mnabadilisha saa kila siku. Nani anatazama mwaka?"

Kwenye pembe ile ilionekana saa peke yake. Sylivia aliibonyeza, na tarehe nzima ikatokea. Kompyuta ilikuwa mwaka 2012.

Ezironi alisogeza uso karibu na skrini. "Chérie hajazaliwa," alisema.

"Na wewe hujaniposa bado," Kahambu alisema. "Ningejua!"

Walicheka wote watatu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hewa ya studio ikawa nyepesi.

"Sasa sikieni," Sylivia alisema. "Unapokwenda mpakani, afande anasoma karatasi yako. Inasema imeanza lini, inaisha lini. Kama afande anafikiri tuko mwaka 2012, atasema karatasi yako haijaanza. Atakurudisha, na karatasi ni nzuri. Sindiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mahali apdeti inatoka pia panaonyesha karatasi yake. Kompyuta yenu inaisoma, inaona tarehe haikubali, inafunga mulango. Inafanya hivyo kila siku. Apdeti mupya haziingii. Iliyobaki ndani ni moja ya zamani, iliyoingia nusu. Inajaribu kumaliza, inashindwa, inarudi nyuma."

"Lakini kwa nini inasahau mwaka?" Ezironi aliuliza.

"Ndani iko na betri ndogo ya mviringo. Ndiyo inalinda saa wakati umeme haupo. Hii yenu imekufa. Na wewe, Baba Chérie, unatoa waya kila jioni."

"Kwa sababu ya radi."

"Radi ni kweli, endelea kutoa. Lakini uizime kwanza vizuri. Na apdeti muifanye asubuhi, mawingu hayajakuja. Ikiandika usizime, usiguse."

Betri ilipatikana kwa Davis. Ezironi aliifuata mwenyewe, na Davis akaja nayo, akasimama nyuma yao atazame. Sylivia alizima kompyuta, akatoa waya, akafungua sanduku, akabadilisha betri. Kisha wakaiwasha, safari hii ikamaliza kurudi nyuma na kufunguka, wakaweka siku, mwezi, mwaka, na eneo la saa la Uganda. Kahambu alitazama saa ya Kongo ikiondoka.

Walijaribu sasisho. Ezironi alisimama mlangoni akikagua mbingu kama mtu aliyeanika kahawa. Asilimia zilipanda polepole. Halafu zikasimama. Imeshindwa.

"Nilisema hii iko kwisha!" Ezironi alipiga paja.

"Bado," Sylivia alisema. "Tazama, imeandika namba ya kosa. Watu wengi wanaifunga bila kusoma. Namba hii ndiyo inasema ugonjwa." Aliiandika kwenye simu yake, akatafuta maana yake kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. "Nafasi haitoshi. Diski imejaa harusi."

Video za harusi za zamani zilikuwa zimejaza kila kona. Walizinakili kwanza kwenye diski ya nje, wakafungua mbili tatu kuhakikisha zinacheza, kisha wakazifuta ndani ya kompyuta. Sylivia akaendesha kifaa cha mfumo wenyewe cha kutatua matatizo ya sasisho, nacho kikasafisha lile la zamani lililokwama nusu. Akaizima na kuiwasha upya.

Wakajaribu tena. Hakuna aliyegusa kitu. Kahambu alifagia studio iliyokwisha kufagiwa. Ezironi alitoka, akaingia, akatoka. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikaonyesha skrini yake ya kila siku, safi, bila kiduara.

"Imekubali," Sylivia alisema.

Davis alipiga makofi. "Mimi ningefuta yote," alikiri.

"Kufuta ni dawa ya mwisho," Sylivia alimwambia. "Anza na nakala, halafu tarehe, halafu nafasi, halafu usome namba."

Kisha akamgeukia Kahambu. "Dada, nisikudanganye. Mfumo huu umezeeka. Leo umepata masasisho yaliyobaki, lakini watengenezaji wameacha kuutengenezea mapya. Kwa picha na kuchapisha utakusaidia bado. Mambo ya benki usifanye humu, na flashi za watu usichomeke bila kuzikagua. Nikirudi tena tutaona kama mashini itabeba mfumo mupya, au mwingine mwepesi unaotolewa bure."

Kahambu alitikisa kichwa kukubali. Sylivia alikuwa tayari ameshika mfuko wake aende, lakini akamwona bado anatazama pembe ya skrini.

"Ni saa ya Butembo?"

"Wacha tu," Kahambu alisema. "Baba Chérie ameshinda."

Sylivia aliketi tena. "Kompyuta inaweza kuwa na saa ya pili. Ya kwanza inakaa ya Uganda, sahihi, kwa kazi yake. Hii ya pili ni ya kwako." Alibonyeza hapa na pale. "Sasa gusa pembe."

Kahambu akagusa. Zikatokea mbili, ya Bwera juu na ya Butembo chini. Ezironi aliziangalia, akakohoa.

"Kumbe miaka yote hii tuligombana bure," alisema.

Jumapili picha ya mama ilisimama mbele ya altare. Shangazi kutoka Butembo walilia walipoiona, kisha wakaanza kucheka kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anacheka. Kila mmoja aliondoka na nakala yake ndani ya simu.

Jioni wageni walipokwenda kupumzika, Kahambu aliingia studio peke yake. Aligusa pembe ya skrini. Juu ilikuwa inakaribia saa mbili. Chini, saa moja ya Butembo, saa ya simu za mama, ilikuwa karibu.

Ngurumo ikasikika mbali, upande wa milima. Ezironi akaingia, akaenda moja kwa moja ukutani, akashika waya. Halafu akamwona mke wake, akaona anachotazama. Akauachia waya.

"Nitoe?" aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Ezironi akavuta kiti akakaa karibu naye. Simu haikulia. Dakika ile ilifika, wakaitazama wote wawili mpaka ikapita.

"Sasa niizime vizuri," Kahambu alisema, "halafu utoe waya."