Timu Aliyoiacha Kaka

"Fundi, niambie ukweli. Kadi imepona au haijapona?"

Fundi alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, mkononi ameshika bodi ya redio.

"Imepona, Mwalimu wangu."

"Timu ya kaka ipo?"

"Ipo. Kila kitu kipo."

"Mungu akubariki. Nakuja na Mama saa tisa, nataka kuimalizia ile orodha."

Simu ikakatika. Fundi akajiona mtu mbaya, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Mwalimu, mchumba wake, alifiwa na kaka yake mwaka uliopita. Marehemu aliacha mashine ya gemu ya zamani, ya kijivu, pamoja na memori kadi, kadi ndogo ya kuhifadhia michezo. Ndani ya kadi, kwenye gemu la mpira, alikuwa ametengeneza timu ya familia, kila mtu na jina lake na alama za uwezo wake. Siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, Mwalimu angesoma mbele ya ndugu orodha ya magemu bora ya mashine ile, kwa jinsi kaka alivyoyapenda, kisha timu iwashwe wote waione.

Wiki tatu nyuma mashine ililetwa kwa Fundi isafishwe. Akaisafisha, akaijaribu, mpira ukamkolea mpaka akafika fainali. Alipotaka kuhifadhi mchezo wake, mashine ikamwambia kadi imejaa, je, ifute cha zamani? Akabonyeza ndiyo bila kusoma. Na fainali yenyewe alifungwa.

Badala ya kusema, akasingizia kadi inasumbua, na kwa siku hizo akaunda timu nyingine. Mwalimu alishamsimulia majina yote ya timu, na kwamba Mama ni golikipa na yeye mwenyewe ni namba saba. Kaka mtu Fundi hakuwahi kumwona, basi akampa alichodhani marehemu anastahili: unahodha, namba kumi, na alama tisini na tisa za mbio.

Saa tisa wakafika karakanani. Mama aliketi kwenye kiti pekee kisicho na nyaya, Mwalimu akafungua daftari.

"Namba tatu, gemu la ngumi. Kaka alikuwa akibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, halafu anasema huo ndio ufundi."

"Namba mbili weka la magari," Mama akasema. "Akikata kona, mwili mzima unalala kwenye kochi."

"Na lile la mapangoni, Mama?"

"Lile msilitaje! Muziki wake tu ulikuwa unanifungisha milango mchana kweupe."

Wakacheka. Fundi naye akacheka, huku akiomba wasifike namba moja.

"Namba moja haina ubishi," Mwalimu akasema. "Washa, Fundi."

Timu ikatokea kwenye televisheni. Mama akasogea karibu.

"Mimi golini? Kwa nini golini?"

"Kaka alisema nyumbani hakuna kinachokupita," Mwalimu akajibu.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwalimu akashika pedi ya kuchezea, akateremka jina kwa jina, mpaka kwa kaka yake. Kidole kikasimama.

"Nani amempa kaka mbio hizi?"

"Labda alijipa mwenyewe," Fundi akajibu. Uongo huzaa uongo, na huu ulizaliwa njiti.

"Kaka alikuwa anachechemea tangu ana miaka sita. Alijipa mbio kumi na mbili. Nilimbembeleza ajiongezee, akakataa. Akasema timu yenye uongo haina raha." Mwalimu akageuka. "Fundi, nitazame."

Fundi hakuweza kumtazama.

"Nilifuta. Kadi ilijaa, nikataka kuhifadhi mchezo wangu. Hii nimeitengeneza mimi."

"Mchezo wako?"

"Mchezo wangu."

Mama akamgeukia Fundi.

"Mwanangu, ungesema siku ile ile, ningelia mara moja. Sasa unaniliza mara mbili."

Fundi akapiga magoti. "Nisamehe, Mama. Mwalimu, niliogopa kukupoteza."

"Kwa hiyo ukaona unidanganye." Mwalimu akaweka pedi chini. "Leo ni gemu. Kesho tukiwa na mtoto, akiumia mikononi mwako, utanitengenezea habari nyingine nzuri? Jumapili wazee wako wanakuja kwetu kuleta posa. Wanakuja kumposea nani, Fundi? Mimi namjua huyo mtu?"

Fundi alimpenda mwanamke huyu kuliko kitu chochote alichowahi kukishika. Akatoa simu, akampigia baba yake mdogo, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, Baba. Naomba Jumapili msiende."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Nimefuta kitu cha marehemu kaka yake mchumba wangu. Kisha nikadanganya, nikaleta cha bandia."

"Lahaula! Amekuacha?"

Mwalimu akaichukua simu.

"Shikamoo, Baba. Kumbukumbu ya kaka ni wiki ijayo. Akisimama mbele ya ndugu zetu akasema kama alivyokwambia, nitafikiri. Asiposema, msijisumbue kuja."

Akamrudishia simu, akamshika Mama mkono, wakatoka.

Siku ya kumbukumbu, Fundi alisimama kabla hajaitwa.

"Timu ya marehemu nimeifuta mimi," akasema. "Halafu nikamdanganya dada yake na mama yake. Hakuna aliyenituma."

Mjomba mmoja akasonya kwa nguvu. Shangazi akanong'ona, "Na huyu ndiye mkwe?" Fundi akabaki amesimama, akayapokea yote.

Mwalimu akasoma orodha. Alipofika namba moja akafunga daftari, akaitaja timu kwa mdomo, mchezaji mmoja mmoja, na ndugu wakawa wanacheka huku wanalia. Fundi aliondoka bila kuaga. Hakuona kama ana haki ya kuaga.

Alikuwa bado hajafika kwake simu ilipolia. Ujumbe wa Mwalimu:

"Bado nina hasira na wewe, na sijui zitaisha lini. Waambie wazee waje Jumapili hii. Mama anasema wasichelewe."

Fundi akaketi pale pale kando ya njia, akalia.