Badiliko la 904

Jirani yetu wa ghorofa ya pili ni mhakiki wa programu za kompyuta, na haya yalimpata mchana kweupe, ofisini, wenzake wakinywa chai.

Ofisi yao hutengeneza programu za kuendeshea lifti. Wiki hiyo walikuwa wamehamisha faili zote kutoka mfumo mkongwe wa kutunza matoleo kwenda mfumo mpya, pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko: nani kalifanya, lini, kwa kompyuta ipi. Kazi yake ilikuwa kulinganisha pande mbili. Zikipishana hata kwa nukta, kazi ianze upya.

Kaka yake aliwahi kufanya kazi humo humo. Lifti moja ilipoporomoka na watu, Mkuu wa kitengo alimwita jirani yetu, dada mtu, pembeni, akamwambia kwa masikitiko kwamba kaka yake ndiye aliyefuta mstari wa usalama. Jina, alidai Mkuu, ameliona kwa macho yake kwenye kumbukumbu. Kaka aliapa hakugusa kitu. Dada hakumwamini. Alimsusa mpaka siku alipoletewa habari za msiba wake. Mkuu akabeba jeneza, akalia, kisha akampa dada kazi ya uhakiki humo ofisini.

Siku hiyo dada alihesabu. Mfumo mkongwe: mabadiliko elfu mbili mia moja na sita. Mpya: elfu mbili mia moja na saba.

Akafuta, akahamisha upya. Moja likazidi tena.

Alilifungua. Jina la kaka yake. Tarehe ya leo. Saa nne na dakika kumi. Alitazama saa ya ukutani: saa nne na dakika kumi na moja.

Maelezo yalikuwa mafupi. "Dada, tazama 904."

Akalitafuta, akalifungua.

904 ndilo lililofuta mstari wa usalama. Jina la kaka, ndiyo. Lakini kompyuta ilikuwa ya Mkuu. Na tarehe ilikuwa siku waliyomzika mama yao. Kutwa nzima kaka yake alikuwa makaburini, kamshika yeye mkono.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye chake alikuwa akikiamkia kila asubuhi. Na ndugu wa tumbo moja alimwapia, yeye akaziba masikio.

Aliibeba kompyuta yake ndogo hadi kwa Mkuu, akaiweka mezani. Mkuu hakubisha.

"Nani amekuonyesha?" alinong'ona.

"Mwenye jina mwenyewe."

Mkuu alikuwa haangalii kompyuta tena. Alitazama nyuma ya bega la dada. Akasukuma kiti kinyumenyume, taratibu, mpaka kikagota ukutani.

"Mwambie atoke," alisema.

Dada aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Kabla ya saa saba Mkuu alikuwa amekiri yote mbele ya mkurugenzi. Dada alirudi kuhesabu: pande zote elfu mbili mia moja na sita. Lile la ziada halikuwepo. Akachapa ripoti, akaifuata kwenye printa.

Penye neno "Amehakiki" palikuwa na saini tayari. Mwandiko wa kaka yake, wa kalamu. Alipoigusa, wino ukamshika kidoleni.

Ulikuwa bado mbichi.