Mikono Mitupu Asubuhi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Atuganile alitoka nyumbani kwake Iyula akiwa mikono mitupu. Hakubeba jembe, ndoo wala kikapu. Alishika njia ya tambarare inayopita kando ya mashamba ya kahawa, akatembea polepole, mdomo umefungwa.

Binti yake Tabita, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akifagia uwanja. Sababu ya matembezi hayo aliijua, kwa kuwa alimsindikiza mama yake hospitalini. Mgongo wa Atuganile ulikuwa ukimuuma kwa miaka mingi. Baada ya vipimo, Felista, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, alimweleza hivi:

"Mfupa haujavunjika, mama. Lakini mwili uliozoea maumivu huogopa kila hatua. Unajikaza, na kujikaza huko kunazidisha maumivu. Tembea kila asubuhi. Sikia unyayo ukigusa ardhi, sikia pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakikimbia, yarudishe miguuni. Maumivu hayatakwisha yote, ila yatapungua."

Na yalipungua. Baada ya wiki kadhaa, Atuganile aliweza kuinama na kuosha vyombo bila kushika kiuno.

Tatizo lilikuwa salamu. Kule Iyula mtu hapiti kimya mlangoni kwa mwenzake. Husimama, huuliza habari za watoto na za mifugo, ndipo huendelea na safari. Atuganile, mawazo yakiwa miguuni, aliinua kiganja tu akapita.

Ijumaa, kwenye bomba la maji la shule, Yesaya, mtoto wa jirani yao, alimzuia Tabita njia.

"Mama yako anawanga," alisema. "Anazunguka mashamba ya watu alfajiri, hana hata jembe. Anatafuta nini?"

"Nani kakwambia?"

"Mama kasema. Na kesho hatuji kuchuma kwenu!"

Wenzake wakacheka.

Wanawake sita wa mtaa huo walikuwa na utaratibu wa kuchumiana kahawa kwa zamu, na Jumamosi ilikuwa zamu ya Atuganile. Kahawa ilikuwa nyekundu, nyingine imeanza kuwa nyeusi. Hakuja hata mmoja. Zabron, baba yake Tabita, alikuwa Tunduma kwenye kazi ya kupakia malori. Mama na binti walichuma peke yao mpaka alasiri, na hapo Atuganile akashindwa kunyoosha mgongo.

"Sitembei tena," alisema akiwa amelala kifudifudi. "Bora niumwe kuliko kuitwa mchawi."

Tabita aliweka kikapu chini. Alitoka, akazunguka ua wa michongoma, akasimama mlangoni kwa Jenista, mama yake Yesaya.

"Shikamoo, Mama Yesaya."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Nimekuja kuuliza. Mama amekukosea nini?"

"Amenipita hapa kama anapita kisiki! Mwanamke anatoka alfajiri mikono mitupu, hasemi na mtu. Nifikirie nini?"

"Mbona hukumwuliza? Kati yetu na ninyi kuna michongoma tu! Mmemwita mchawi kwa sababu aliinua mkono badala ya kusimama. Leo amechuma peke yake, sasa hata kukaa hawezi. Mgongo huo mmeuumiza ninyi!"

"Chunga mdomo wako, mtoto!"

"Naomba radhi kwa kupaza sauti, mama. Kwa maneno yenyewe siombi radhi, maana ni kweli."

Kisha, kwa sauti ya chini, akaeleza yote aliyoyasema Felista. Jenista alisikiliza akisugua goti lake.

"Kutembea tu?" aliguna. "Mbona mimi nakwenda mtoni kila siku na goti haliniachi?"

"Unakwenda huku ukiwaza kuni, maji na Yesaya. Njoo kesho uone."

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo, sauti ilisikika mlangoni.

"Mama Tabita! Toka twende. Nimekuja kuuona huo uchawi wako."

Atuganile alitoka taratibu, mkono kiunoni. Walitembea kwa kujipimia, wakipumzika mgongo ulipokataa. Jenista alianza kusimulia habari za kuku wake. Atuganile akamwonyesha miguu yake kwa kidole. Jenista akaziacha habari za kuku, akaanza kusikiliza hatua zake. Waliporudi, Jenista alisimama uani akishangaa.

"Kumbe mguu huu wa kushoto nauburuta! Miaka yote sikujua."

Akamwita Yesaya, akamsimamisha mbele ya Tabita.

"Nisikilizeni wote wawili," alisema. "Niliona mikono mitupu, nikaijaza uongo, kisha nikautangaza mtaa mzima. Mwenzangu ameumia kwa hilo. Usilolijua, uliza kwanza, ndipo useme. Mama Tabita, nisamehe. Wale niliowaambia, nitawarudia mmoja mmoja mimi mwenyewe. Na wewe Yesaya, mwombe radhi mwenzako sasa hivi."

Yesaya aliomba radhi akitazama chini.

"Nimekusamehe, Mama Yesaya," Atuganile alisema. "Ila asubuhi nikiinua kiganja, jueni nimewasalimu. Habari za kuku nitazisikiliza nikirudi."

Jumamosi iliyofuata, baadhi ya kahawa ilikuwa imeshakaukia mtini. Saa mbili asubuhi, wanawake watano walifika kwa Atuganile na vikapu vyao. Kila mmoja alipopita mlangoni aliinua kiganja, kisha akaingia shambani.