Bega la Kinyume

Mlango wa chumba cha upasuaji ukajifunga. Kufuli la umeme likalia: kli!

Kipanga alijaribu kuinua mkono wa kulia. Haukutii. Sindano ya ganzi iliyopita shingoni ilikuwa imeulaza kitandani kama mzigo wa mtu mwingine. Kifuani, mkanda wa kitanda ulimbana.

Jasusi wa miaka ishirini na mitano kazini, na bega lake lilikuwa limelika kweli. Ndiyo maana alitumwa yeye.

Mgonjwa wa kweli hashukiwi.

Alifuata bega bandia lenye kadi ya siri za jeshi iliyofichwa ndani. Mgonjwa hupasuliwa, husafirishwa ng'ambo eti kwenda kliniki, na huko hufunguliwa tena. Mashine ya uwanja wa ndege ikilia, anaonyesha cheti cha hospitali.

Kipokea sauti sikioni, chini ya kofia, kikakwaruza sauti ya mkuu wake. "Kipanga, wenzako wako mlangoni. Haufunguki."



Daktari mpasuaji alifungua kisanduku. "Mama, kulisafisha bega kwa kamera, umeshachelewa. Kilichobaki ni kubadilisha kiungo. Nakuwekea la kinyume: tufe penye kikombe, kikombe penye tufe."

"Tulikubaliana la kawaida."

"Nimebadili mawazo. Nesi, mlaze usingizi."

Nesi wa usingizi akaunganisha bomba la sindano kwenye mshipa wa Kipanga. Dawa nyeupe, kama maziwa.

Kipanga alibakiwa na mdomo, na miguu.

"Dada, hebu tazama picha yangu ukutani. Kano zimechanika?"

Nesi akatazama. Kidole kikasita.

"Daktari, kano zake nzima. La kinyume si huwa tunawawekea waliochanika?"

"Fanya kazi yako!"

"Nieleze kwanza."

Daktari akapeleka mkono chini ya joho.

Bastola ya Makarov.

Kipanga akarusha mguu. Toroli la vyuma likamvaa daktari kiunoni, bastola ikaserereka sakafuni. Nesi akaruka, akabonyeza kitufe cha mlango.

Wanaume watatu wakaingia kwa kishindo. Daktari akalala kifudifudi, pingu mikononi.

Mmoja akalipasua lile tufe la kisandukuni. Ndani, kadi ndogo kuliko ukucha.

"Kazi safi," mkuu akasema sikioni. "Na bega?"

"Bovu vilevile."

Nesi akachomoa bomba mshipani, akamfungua mkanda. Kipanga akamshika kiganja. "Asante, mdogo wangu. Nitafutie mpasuaji mwingine. La kawaida, lakini."

Akaubeba mkono wake uliolala kwa ule mzima, akatoka peku, polepole, bila kugeuka.